Painaiti: jiwe lililokuwa moja, likawa mawili, kisha maelfu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimeona mtandaoni jiwe la rangi nyekundu inayoelekea kahawia, linaitwa painaiti. Maelezo yanasema ndiyo madini adimu kuliko yote duniani, halafu chini yake mtu yuleyule anauza vipande kumi na viwili. Nimechanganyikiwa. Liligunduliwaje, lina nini ndani yake, na huo uadimu ni wa kweli au ni maneno ya biashara? Na mtu akinishikisha jiwe jekundu akasema ni painaiti, nitajuaje?"

Marahaba. Hivyo vipande kumi na viwili ndivyo vilivyonifanya nicheke, kisha nikaketi kuandika. Ungeliona tangazo hilo mwaka 1990, ungekuwa na haki ya kumwita muuzaji mwongo hata kabla ya kulitazama jiwe, kwa sababu vipande vilivyojulikana dunia nzima havikuzidi vitatu. Leo siwezi kumwita mwongo. Huenda vyote kumi na viwili ni painaiti halisi. Kilichochakaa ni sentensi yake ya kwanza, na namna ilivyochakaa ndiyo kisa chenyewe cha jiwe hili.

Kisa kinaanzia Mogok, mji wa milimani huko Myanmar, nchi iliyokuwa ikiitwa Burma. Kwa karne nyingi mabonde ya Mogok yametoa rubi na spineli, vito vyekundu viwili vinavyofanana, zinazosifiwa kuliko za kwingine. Kazi ya huko haikubadilika sana: watu hushuka shimoni, hupandisha changarawe yenye vito ambayo wenyeji huiita byon, huiosha kwa maji mengi, kisha huinama juu ya kilichobaki na kukichambua kwa vidole. Anayechambua anatafuta rubi. Akiona jekundu linalong'aa analiweka kando, jekundu lisilopendeza analisukuma upande mwingine au analitupa. Nakuomba uikumbuke hiyo rundo iliyosukumwa upande mwingine, nitairudia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mwingereza mmoja aitwaye Arthur Pain, mkusanyaji na mfanyabiashara wa vito aliyekuwa huko Mogok, alipata fuwele nyekundu iliyokolea kama ganeti, kito kingine chekundu; uzito wake haukufika gramu 2. Mwaka 1954 fuwele hiyo iliingia katika hifadhi ya makumbusho makubwa ya London, ambayo leo tunayajua kama Makumbusho ya Historia ya Asili. Huko wakaichunguza watu watatu: Gordon Claringbull, Max Hey na C. J. Payne. Mwaka 1957 wakatangaza kwamba haya ni madini mapya, hayajawahi kuandikwa popote, na wakayapa jina la mtu aliyeyaleta. Usichanganye Pain na Payne. Mmoja alileta, mwingine alipima, na jina limekwenda kwa aliyeleta. Wala usihangaike na wanaosema jina hilo linahusu maumivu kwa sababu ndivyo neno lilivyo kwa Kiingereza.

Sasa jiulize: mtu anajuaje kwamba jiwe jekundu lililotoka kwenye nchi ya mawe mekundu ni kitu kipya? Hapa painaiti ina ujanja wake. Mtihani wa kwanza wa zamani ni uzito: unalipima jiwe hewani, kisha unalipima likiwa limezama majini, na kutoka hapo unapata ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule. Rubi inatoa 4.00. Painaiti inatoa 4.01. Kwa mizani ya kawaida hakuna atakayezitofautisha. Lakini ukilitumbukiza swali hilohilo kwenye mwanga, majibu yanaachana. Rubi hupinda mwanga kwa kiwango cha 1.762 hadi 1.770, painaiti inafika 1.787 hadi 1.816. Ganeti nyekundu inaweza kuangukia humo pia, ila ganeti haiupasui mwanga kuwa miale miwili, na painaiti inaupasua waziwazi. Kwa hiyo wale watu wa London walikuwa na jiwe lenye uzito wa rubi, lenye mwanga usio wa rubi, na lenye tabia isiyo ya ganeti. Wakaliweka mbele ya eksirei. Kila aina ya fuwele hutawanya eksirei kwa mpangilio wake wa madoa, kama alama ya kidole gumba, na alama hii haikufanana na ya kitu chochote walichokuwa nacho kwenye kumbukumbu.

Hayo walipatia. Walipokosea ni kwenye swali lako la pili, la kilichomo ndani.

Ukiwa na fuwele moja tu ya aina yake duniani, huwezi kuisaga yote ili ujue imeundwa na nini. Utakwangua kidogo, na kidogo hicho ndicho kitakachosema kwa niaba ya jiwe zima. Matokeo ya 1957 yalisema mna alumini nyingi, kalsiamu, boroni, na silika (silikoni iliyoungana na oksijeni) kiasi. Fomula ikaandikwa na watu wakainakili. Ilikaa hivyo kwa miaka 19. Mwaka 1976, Paul Moore na Takaharu Araki walipochunguza mahali kila atomu ilipokaa ndani ya fuwele, walikuta chumba kimoja kina mpangaji mzito mno kuliko ilivyotakiwa. Mpangaji huyo alikuwa zirkoniamu. Silika ikaondoka kwenye fomula, zirkoniamu ikaingia, na hesabu zikakaa sawa.

Mimi huwa nawarudisha wanafunzi hapa kila ninapoweza. Fomula tunayoitumia sasa ni CaZrAl9O15(BO3). Ukiipigia hesabu ya uzito, zirkoniamu peke yake inachukua kama asilimia 13.6 ya jiwe. Boroni, ambayo ndiyo inayolipa jiwe ukoo wake wa boreti, yaani madini yaliyojengwa kwa boroni na oksijeni, haifiki hata asilimia 2. Yaani wale wachunguzi walimwona mtoto aliyejificha nyuma ya mlango wakampita mtu mzima aliyekaa sebuleni. Siwacheki; kwa vifaa vya wakati ule na kwa punje walizokuwa nazo, hata mimi ningepita. Lakini ukisikia mtu anasema "fomula inajulikana tangu ilipogunduliwa", jua hakusoma.

Ukitaka kuuona mpangilio wake, chora hivi kichwani. Alumini imezungukwa na oksijeni sita sita, na kila kundi ni umbo la nyuso nane kama piramidi mbili zilizogusanishwa vitako. Maumbo hayo yameshikana kingo kwa kingo yakajenga kuta. Kati ya kuta kuna mifereji inayokwenda sambamba na urefu wa fuwele. Ndani ya mifereji imekaa kalsiamu. Zirkoniamu nayo imezungukwa na oksijeni sita, ila zimepangwa kama mche wa pembetatu, mpangilio ambao si wa kila siku kwa zirkoniamu. Na boroni? Imekaa katikati ya oksijeni tatu, bapa kabisa, pembetatu ndogo iliyolala. Pembetatu hiyo ndiyo BO3 unayoiona mwishoni mwa fomula, na kwa sababu yake tunaiweka painaiti kwenye boreti na si kwenye oksidi za kawaida. Mpangilio mzima una ulinganifu wa pembe sita, ndiyo maana fuwele nzuri za painaiti hutokea kama nguzo zenye pande sita. Mwaka 2004 Thomas Armbruster na wenzake waliupitia upya mpangilio huo wakarekebisha mambo madogo ya ulinganifu, lakini nyumba ni ileile ya Moore na Araki.

Rangi haitoki kwenye chochote nilichokitaja hadi sasa. Kalsiamu, zirkoniamu, alumini, boroni na oksijeni vikiwa peke yao vingetoa jiwe lisilo na rangi. Wekundu unaletwa na kromiamu na vanadiamu kidogo sana zilizojipenyeza mahali pa alumini. Kromiamu ndiyo pia inayoipa rubi wekundu wake, kwa hiyo usishangae mawe haya mawili kufanana. Yamekunywa kisima kimoja.

Tuje kwenye uadimu, na hapa nitakaa kidogo.

Zirkoniamu si adimu. Katika gamba la dunia ni nyingi kuliko shaba. Boroni ni haba zaidi, kwa sababu nyota haziitengenezi kama zinavyotengeneza kaboni au oksijeni. Sehemu kubwa yake ilizaliwa angani, miale ya kosmiki ilipogonga viini vya atomu kubwa na kuvivunja. Hata hivyo maji huibeba na kuikusanya, na ziwa la jangwani likikauka huacha chumvi za boroni kwa matani. Uturuki na California zinachimba boreti kwa matingatinga. Kwa hiyo kila kiungo cha painaiti kinapatikana. Tatizo ni kuvikutanisha.

Zirkoniamu ina mchumba wake: silika. Popote palipo na silika ya kutosha, zirkoniamu hukimbilia huko ikawa madini yaitwayo zirkoni, na zirkoni ikishajifunga haifunguki kirahisi, inaweza kukaa mabilioni ya miaka. Boroni nayo, mahali penye silika na alumini, huishia kwenye madini mengine, turmalini. Basi ukiwa na mwamba wa kawaida wenye silika, kama itale, zirkoniamu yako imekwenda kwenye zirkoni, boroni yako imekwenda kwenye turmalini, na painaiti haina kitu cha kujijengea. Ukitaka izaliwe, inabidi uwe na mahali ambapo silika ni chache, alumini ni nyingi, kalsiamu ipo, na bado boroni na zirkoniamu zimefikishwa hapo kutoka kwingine.

Mogok ina mahali kama hapo. Bara Hindi liliposukumana na Asia, mawe ya chokaa ya eneo lile yalipikwa yakawa marumaru, na magma ya itale nyeupe ikachoma kupita ndani yake. Kwenye mpaka wa itale na marumaru, vimiminika vya moto hupita na kubadilishana mizigo: upande mmoja unaleta boroni na zirkoniamu, upande wa pili unaleta kalsiamu, na mwamba unaotokea hapo wanajiolojia wanauita skarni. Katika skarni ya namna hiyo painaiti imekutwa imekaa pamoja na rubi. Tena kuna vipande ambavyo rubi imeota juu ya painaiti, ukikishika kipande kama hicho unaona jekundu lenye giza limevishwa jekundu linalong'aa. Vipande hivyo vinasema kwamba painaiti ilitangulia, kisha hali ikabadilika na rubi ikaanza kukua juu yake. Mimi hupenda vipande hivyo kuliko vito vilivyokatwa, maana kito kilichokatwa kimeshafutwa historia yake.

Hadi leo hakuna nchi nyingine inayotoa painaiti ya kuzungumzia. Huo ni uadimu wa kikemia, na huo ni wa kweli.

Lakini kuna uadimu wa pili, ambao hauhusu kemia hata kidogo. Rudi kwenye ile rundo iliyosukumwa pembeni. Baada ya fuwele ya Pain ikapatikana ya pili, kutoka hukohuko Mogok, miaka ileile ya 1950. Kisha kimya. Mwaka 1962 jeshi lilitwaa madaraka nchini humo, migodi ikataifishwa, wageni wakawa hawaingii. Ya tatu ilitambuliwa mwaka 1979 katika maabara ya taasisi ya vito ya Marekani, GIA, na haikutoka shimoni siku hiyo: ilikuwa tayari mikononi mwa watu, kwenye fungu la spineli za Burma. Nani ajuaye ilikaa humo miaka mingapi ikiitwa spineli?

Vitatu hivyo vikadumu kuwa vitatu kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 fuwele nyingine zikaanza kujitokeza moja moja, na George Rossman wa Caltech huko California akawa anazipima na kuzipa namba, ya nne, ya tano, kama mtu anavyosajili wajukuu. Kufikia 2005 zilikuwa bado hazijafika 25, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikaiita painaiti madini adimu kuliko yote duniani. Sentensi uliyoisoma kwenye lile tangazo imetoka huko. Wakati huohuo wachimbaji wakafika kwenye chanzo chenyewe, maeneo ya Wetloo na Thurein-taung jirani na Mogok, na baada ya hapo mawe hayahesabiwi tena kwa vidole. Yalipatikana maelfu ya fuwele na vipande.

Kwa maoni yangu chanzo kipya hakikufanya kazi hiyo peke yake. Watu walikuwa wameshaambiwa jiwe hilo linafananaje. Anayechambua changarawe akijua kwamba lile jekundu la kahawia lisilopendeza lina mnunuzi, hatalitupa tena. Wakusanyaji wenye magunia ya mawe ya zamani nao walifungua magunia yao. Kabla ya hapo painaiti ilikuwa adimu kwa sababu haikuwa na jina vinywani mwa watu wanaoishika.

Na si yenyewe tu. Kuna boreti nyingine, sinhalaiti, ambayo kisa chake kinanifurahisha zaidi kwa sababu haikuwa imejificha popote. Ilikuwa imeshakatwa, imeshauzwa, imo kwenye makumbusho na kwenye pete za watu, ikitokea Sri Lanka, na kila mtu aliiita kwa jina la kito kingine, peridoti ya kahawia. Waliopima walishangaa kidogo kwamba ilikuwa nzito kuliko peridoti: 3.48 badala ya karibu 3.34. Wakajitetea kwamba pengine ina chuma nyingi. Mwaka 1952 Claringbull na Hey, walewale wawili, wakaichunguza na kukuta haina silika kabisa. Ni boreti ya magnesiamu na alumini, MgAlBO4. Kilichowapotosha watu si uzembe tu: atomu za sinhalaiti zimepangwa kwa mtindo uleule wa peridoti, isipokuwa mahali palipopaswa kukaa silikoni pamekaa boroni, na nusu ya magnesiamu imeachia nafasi alumini. Imevaa kanzu ya mwenzake. Ndiyo maana nasema miaka miwili baadaye, ilipofika fuwele ya Pain, wale watu walikuwa wameshajifunza kutoiamini rangi.

Kwa ndugu wa karibu wa painaiti kimuundo, Moore na Araki waliitaja jeremejevaiti, boreti ya alumini iliyogunduliwa Siberia mwaka 1883 na kupewa jina la mwanamadini wa Kirusi, Eremeev. Nayo ilikaa kama kitu cha kusoma vitabuni hadi miaka ya 1970, zilipopatikana fuwele ndefu za buluu pwani ya Namibia. Nimeitaja kwa kupita tu. Ukitaka kuiuliza, iulize peke yake, ina mengi.

Sasa swali la mwisho, la jiwe lililo kiganjani mwako.

Nianze na aibu yangu. Nilipokuwa bado najifunza, nililetewa jiwe jekundu, nikalipima hewani na majini, nikapata 4.0, nikasimama kifua mbele nikasema rubi. Lilikuwa ganeti ya alamandaini. Aliyekuwa akinifundisha hakusema neno, alinisogezea rifraktomita tu, kifaa cha kupima jiwe linavyopinda mwanga. Tangu siku hiyo namba moja hainitoshi, na kwa painaiti namba moja haimtoshi mtu yeyote.

Kwa hiyo fanya hivi. Safisha uso mmoja uliosuguliwa wa jiwe, weka tone la kimiminika cha kugusanisha kwenye kioo cha rifraktomita, lilaze jiwe juu yake, kisha tazama kivuli kinakatika wapi kwenye mizani ya namba. Likiwa rubi, utaona mistari miwili iliyobanana karibu na 1.76 na 1.77. Likiwa spineli, mstari mmoja karibu na 1.72. Likiwa ganeti, mstari mmoja ambao haubanduki hata ulizungushe jiwe vipi, au hutaona mstari kabisa kwa kuwa umepita mwisho wa kipimo. Painaiti inafanya kitu kinachochanganya ukiwa hujaonywa: kimiminika hicho kwa kawaida kinaishia 1.81, na mwale mmoja wa painaiti uko 1.816, nje ya mizani. Unaouona ni mwale wa pili tu, nao unatembea. Unalizungusha jiwe taratibu kwa kidole, mstari unashuka kuelekea 1.787, unaendelea kulizungusha, unapanda, unapotea ukingoni kana kwamba umezimwa. Mtu asiyejua atasema kifaa kina hitilafu.

Halafu chukua daikroskopu, kile kibomba kidogo kinachokuonyesha rangi mbili za jiwe katika madirisha mawili pembeni kwa pembeni. Inua jiwe mbele ya mwanga mweupe. Dirisha moja la painaiti linakuwa jekundu kama rubi, la pili linakuwa rangi ya chungwa iliyopauka yenye ukahawia. Geuza jiwe robo duara na rangi zinabadilishana madirisha. Rubi nayo ina rangi mbili, ila zake ni nyekundu inayoelekea zambarau na nyekundu inayoelekea chungwa, zote zimechangamka. Ule ukahawia wa painaiti ukishauona mara moja hutausahau, na ndio unaofanya jiwe zima lionekane limechoka ukilitazama kwa macho matupu. Ganeti na spineli zitakuonyesha madirisha mawili ya rangi moja.

Ugumu wake ni kama 8 kwenye kipimo cha Mohs, rubi ni 9. Usilikwaruze jiwe la mtu ili kuthibitisha hilo, tafadhali. Taa ya urujuanimno nayo usiitegemee peke yake, maana painaiti na rubi zote zinaweza kujibu kwa kung'aa wekundu. Ukitaka neno la mwisho, peleka kwenye maabara ya vito yenye mashine ya Raman. Inamulika jiwe kwa leza na kusoma mwanga unaorudi, hailigusi wala hailiumizi, na spektra ya painaiti haifanani na ya rubi, ganeti wala spineli.

Turudi kwa muuzaji wako na vipande vyake kumi na viwili. Tazama picha zake tena. Kama ni vipande vyeusi-vyekundu, vimejaa nyufa, mwanga haupiti ila ukiviweka mbele ya taa kali, basi vinafanana na sehemu kubwa ya painaiti iliyotoka Wetloo na Thurein-taung. Hivyo vipo, na anaweza kuwa navyo dazeni bila kumuibia mtu. Kilicho haba mpaka leo ni jiwe safi ambalo mkataji wa vito anaweza kulikata likapitisha mwanga. Mengi yanavunjika au yanabaki na giza, na yanayofaulu huwa madogo, aghalabu hayafiki karati moja, kipimo cha uzito wa vito. Akikuonyesha jiwe jekundu, safi, kubwa kama punje ya hindi, na akasema anayo mengine kumi na moja ya kulingana nalo, muombe cheti cha maabara cha kila moja kabla hamjaongea lingine.